MGONJWA SI TARISHI

Kila ufikapo mwezi wa Machi hukumbushwa kwamba katika mwezi kama huo, mwaka 1964, Serikali ya Mapinduzi ilitangaza kuwa matibabu katika visiwa vyetu yatakuwa bure. Hatulikanushi jambo hilo wala hatulibezi. Neno "bure" sisi wenye maduka twaujua uzito wake kuliko watu wengi, kwani haipiti siku asije mtu kulitaja mbele ya meza yetu. Lakini mwenye duka naye ana ada yake: akilisikia neno hilo huuliza, jee, mzigo kaubeba nani?

Leo twataka kuliuliza suali hilo kwa upande wa hospitali. Hatuulizi khabari ya dawa, wala ya vitanda, wala ya uchache wa madaktari, mambo ambayo yamekwisha kuandikwa sana na yataandikwa tena. Twauliza khabari ya kazi moja isiyokuwa na mshahara wala cheo, wala haitajwi katika hotuba za ufunguzi: kazi ya kuchukua maneno ya daktari mmoja na kuyafikisha kwa daktari mwengine. Kazi hiyo hapa kwetu hufanywa na mgonjwa. Yeye ndiye tarishi. Akiwa na homa ni tarishi, akiwa haoni vizuri ni tarishi, akiwa hajui kusoma hata herufi moja ndiye huyo huyo tarishi. Na karatasi ikipotea, ndiye mwenye kulaumiwa.

Tutatoa mfano wa mtu mmoja, na hospitali tutaziacha bila ya majina, kwani makusudio yetu si kumtia muuguzi wa watu matatani.

Tunaye ami yetu mmoja hapa Pemba, umri wake umepindukia miaka sitini, mvuvi wa tangu ujana wake. Ana maradhi ya sukari na ana presha. Kituo cha afya cha karibu kilikuwa kikimpa vidonge, naye akivimeza kwa utiifu, hata miguu ikaanza kumvimba. Kituoni wakamwandikia cheti cha rufaa aende hospitali. Hilo ni jambo la haki na hatuna la kusema juu yake. Kituo kidogo kikiona jambo limekizidi kimo, kulipeleka mbele ndio uungwana.

Hospitali ya kwanza walimpima damu na mkojo, wakamwambia kuwa figo zina kasoro, wakamwandikia avuke aende hospitali ya pili, Unguja. Majibu ya vipimo yaliandikwa kwa kalamu katika kipande cha karatasi kisichofika ukubwa wa kiganja. Kipande hicho ndicho kilichotakiwa kivuke bahari. Kilivuka, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na mkate wa mofa aliofungiwa na mkewe.

Daktari wa hospitali ya pili hakukitaka. Alisema hakijui kimetoka kwa nani, mhuri hausomeki, na vipimo vya namna hiyo hawezi kuvitegemea. Mgonjwa apimwe upya. Labda alikuwa na haki yake. Basi akapimwa upya. Damu dirisha moja, picha dirisha jengine, karatasi ya kuombea picha dirisha la tatu, na kila dirisha likamuuliza upya jina lake, umri wake, shehia yake na kilichomleta.

"Baba, cheti chako cha mwanzo kiko wapi?"

"Wamekichukua, mwanangu, kule kwa mwenzio."

"Mimi sikukiona, baba."

Akarudi kule. Kule wakamwambia wamekwisha kukipeleka. Cheti kile hakikuonekana tena hata leo. Bingwa wa figo alikuwa akikaa siku moja katika wiki, na siku hiyo majibu ya picha yalikuwa hayajatoka. Wiki ya pili majibu yalitoka, na bingwa alikuwa safarini. Wiki ya tatu walikutana wote, mgonjwa na bingwa na picha, lakini majibu ya damu yakaonekana kuwa yamekwisha kuwa ya zamani, yakatakiwa mapya. Wiki tatu hizo mzee wa watu alikuwa akilala barazani kwa jamaa za mkewe, maana hakuwa mahututi hata apewe kitanda, wala hakuwa mzima hata arudi kwao.

Katika kungoja huko goti likamuuma, nalo ni goti la siku nyingi. Akaenda zahanati moja ya karibu, akapewa vidonge vya maumivu viitwavyo diklofenaki. Hakuulizwa kama ana figo mbovu, naye hakusema, kwa kuwa alikwenda kwa ajili ya goti. Hatimaye bingwa akampa dawa mpya ya sukari. Alipokuwa amekwisha kurudi Pemba akawa anameza ile mpya, na ile ya zamani ya kituoni pia anaimeza, kwani hapana aliyemwambia aiache. Majina mbali, rangi ya kidonge mbali, boksi mbali. Angejuaje?

Alfajiri moja tukagongewa mlango. Mzee hajitambui, jasho linamtiririka kama aliyetoka kuoga. Mtaani petu yupo kijana muuguzi, Mwenyezi Mungu amlipe, ndiye aliyetambua kuwa sukari imeshuka. Akampaka asali ndani ya shavu, na huku gari ikitafutwa. Hospitali wakamtia dripu ya sukari, akafumbua macho. Neno la kwanza alilolisema ni kuuliza mfuko wake wa karatasi uko wapi.

Baadaye wajuzi wa fani hii walitufahamisha kwamba dawa zile mbili ni za ukoo mmoja, zote mbili hulihimiza kongosho litoe insulini, na kwa kawaida mtu hapewi zote kwa pamoja. Na kwamba figo zikiwa dhaifu baadhi ya dawa za ukoo huo hukaa mwilini zaidi ya inavyotakiwa, na hatari ya sukari kushuka ikazidi. Wakatufahamisha tena kwamba kile kidonge cha goti ni katika jamii ya dawa ambazo mwenye figo mbovu na presha huwa anaepushwa nazo.

Jee, nani aliyekosa? Wasomaji wetu watapenda tumtaje mtu, na hapa ndipo pagumu. Kituo cha afya kilitoa dawa ya sukari kwa mtu mwenye sukari. Bingwa alitoa dawa bora kwa kadiri ya alichokiona mbele yake. Wa zahanati aliletewa goti akalitibu goti. Kila mmoja ukimtazama peke yake ametimiza wajibu wake. Kosa limo baina yao, katika nafasi tupu ambayo haina mtu wa kuisimamia, haina ofisi, wala haina wa kuulizwa. Na mgonjwa ndiye anayeishi katika nafasi hiyo. Madaktari wao wako kila mmoja katika chumba chake. Yeye ndiye aliye njiani siku zote.

Khabari huzidi uzito pale mgonjwa anapovushwa kwenda Dar es Salaam. Wenye maradhi ya saratani kwa miaka mingi wamekuwa wakipelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, na wenye maradhi ya moyo Taasisi ya Jakaya Kikwete iliyofunguliwa mwaka 2015, na wengineo Muhimbili. Hatuna ubaya na kuvuka. Elimu hufuatwa ilipo. Lakini wasomaji wanajua kwamba afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake ya Afya, na Bara ina yake. Zanzibar ina Mfuko wake wa Huduma za Afya, ulioanzishwa mwaka 2023, na Bara ina mfuko wake wa bima uliotangulia kwa zaidi ya miaka ishirini. Sisi si katika wanaotaka afya iingizwe katika orodha ya Muungano. Yaliyokwisha kuingizwa yanatutosha. Ila mpaka uliopo baina ya wizara mbili haukupasa kupita ndani ya mwili wa mtu mmoja. Figo za ami yetu hazikubadilika wizara aliposhuka bandarini Dar es Salaam.

Kwani naye alivushwa, baada ya ile alfajiri. Huko alitazamwa vizuri, twasema kweli na kweli isemwe, na akarudi na barua. Ilikuwa barua nzuri, imepigwa chapa, kurasa mbili, kwa Kiingereza. Katika ukoo mzima aliyeweza kuishika ni kijana wa kidato cha nne, naye alipofika mstari wa tatu alikwama katika vifupisho. Kichwani barua ile iliandikwa kwamba yaelekezwa kwa yeyote anayehusika. Tuliizungusha Pemba wiki nzima tukimtafuta huyo anayehusika. Kituo cha afya walisema ni ya hospitali. Hospitali walisema aliyemwandikia rufaa amehamishwa, basi arudi kwa bingwa Unguja. Na Unguja walisema aanze tena kwa cheti cha rufaa kutoka kituo cha afya.

Sisi tumesoma chuoni, hatukusoma udaktari, na twaomba tustahamiliwe tukisema tunachokijua. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu si aya ya khabari za Pepo wala za Moto. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, na yazungumzia deni: kwamba watu wakidaiana kwa muda maalumu yapasa iandikwe, likiwa deni dogo au kubwa, na mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Kwa ajili hiyo mwenye duka wa shamba, asiyejua neno la Kiingereza, ana daftari. Ndani ya daftari letu wamo watu walionunua nusu kilo ya mchele miaka mitatu nyuma na wakasahau, sisi hatukusahau. Mteja akitoka duka letu akenda duka la ndugu yetu upande wa pili wa barabara, nasi tukawa tumemuuzia mafuta ya taa kwa ahadi ya Ijumaa, ndugu yetu hupata khabari kabla ya Alhamisi. Hatuna mtambo wowote wa ajabu. Tuna karatasi, kalamu, na khofu ya kupata khasara.

Khofu hiyo ndiyo isiyokuwepo hospitali. Daftari la deni likipotea, aliyelipoteza ndiye apatae khasara, basi hulilinda. Cheti cha mgonjwa kikipotea, khasara ni ya mgonjwa peke yake: nauli yake, siku zake, damu yake inayotolewa mara ya pili na ya tatu. Aliyekipoteza halipi chochote. Pangekuwa na sharti kwamba dirisha lililopoteza cheti ndilo litakalomgharamia mgonjwa kurudi, tunaamini vyeti vingetulia mahali pake ndani ya mwezi mmoja.

Wala mtu asituambie kuwa hesabu ya wagonjwa haiwezi kuwekwa. Tabibu Abubakar al-Razi, aliyefariki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, aliacha maandishi mengi sana ya maradhi na ya wagonjwa aliowatibu, hata baada ya kufa kwake yakakusanywa yakawa kitabu kikubwa kiitwacho al-Hawi. Hakuwa na umeme. Na tuje hapa hapa kwetu. Mtoto mchanga wa Kizanzibari ana kadi ya kliniki, na katika kadi hiyo chanjo zake zote zimo. Akihama Micheweni akenda Makunduchi, muuguzi wa Makunduchi huifungua akajua mara moja lililofanywa na lililobaki. Tena tangu mwaka 2019 uko mpango uitwao Jamii ni Afya, ambao watu wa kujitolea hupita majumbani wakiwa na simu, wakiandika hali za waja wazito na za watoto. Mpango huo umeenea wilaya zote 11. Tunausifu bila ya kusita, na Serikali isishangae, kwani upinzani si kukanusha jua mchana. Lakini ndipo tunapouliza: ikiwa mtoto wa miezi tisa anajulikana kwa jina lake na chanjo zake, babu yake mwenye sukari na presha na figo amekosa nini hata awe kila siku ni mgeni?

Tutajibiwa kwa majengo. Tutaambiwa kwamba Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Kwamba katika miaka ya karibu zimejengwa hospitali 10 za wilaya na moja ya mkoa pale Lumumba. Ni kweli, na tunayaona. Walakini majengo yakizidi na mawasiliano yakabaki yale yale, mgonjwa hakupunguziwa safari bali ameongezewa vituo. Pahala pa madirisha matatu atapita madirisha manane. Na kwa kuwa baadhi ya huduma za hospitali hizo zimekabidhiwa makampuni ya watu binafsi, haja ya kuwepo mtu mmoja wa kukusanya yote imezidi kuliko zamani.

Au tutajibiwa kwa kompyuta. Naam, kompyuta ni daftari, na sisi ni wapenzi wa daftari. Lakini twaomba lisiwe daftari la kila hospitali peke yake, lisilosomana na la jirani. Namba ya kumjua mtu tunayo tayari. Kila Mzanzibari mtu mzima anakijua Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ambacho hutakiwa akionyeshe ndipo aandikishwe kupiga kura, na ambacho wengi katika ndugu zetu wamelalamika kuwa wamenyimwa. Namba ile husafiri kwa wepesi wa ajabu pale inapotakiwa kumzuia mtu katika foleni ya kura. Mbona ikifika mlango wa hospitali hupata kilema? Na tufahamiane vizuri: hatusemi asiyekuwa na kitambulisho asitibiwe. Tukisema hivyo tutakuwa tumewapa watu silaha ya pili. Twasema mgonjwa apewe namba moja, ya kitambulisho au ya hospitali, na namba hiyo imfuate kutoka kituo cha afya cha kijijini mpaka arudipo kutoka Dar es Salaam.

Yako na mengine ambayo hayahitaji kompyuta, wala mkopo, wala mgeni wa heshima wa kukata utepe. Kila barua ya rufaa iwe na jawabu, na jawabu lirudishwe kwa aliyeandika, kwa njia ya Serikali na si ndani ya mfuko wa nailoni. Boti zinavuka kila siku na maafisa wamo ndani yake. Kila mwenye maradhi ya kudumu awe na daktari au afisa tabibu mmoja aliyetajwa kwa jina, ambaye wengine wote wakibadilisha dawa yapasa ajulishwe. Orodha ya dawa anazomeza mtu iandikwe kwa Kiswahili, kwa hati inayosomeka, na iliyosimamishwa itajwe kuwa imesimamishwa. Hili peke yake lingemwepusha ami yetu na ile alfajiri. Na wanaotoka Pemba wapangiwe bingwa, picha na damu kwa tarehe zinazoafikiana. Mwenye kupanga tarehe hizo labda huiona Pemba kama mtaa wa Ng'ambo, mtu akatoka baada ya chai akarudi kabla ya Adhuhuri. Pemba ni kisiwa cha watu zaidi ya laki tano kwa hesabu ya mwaka 2022, na bahari iliyopo baina ina mawimbi, ina nauli, na ina siku za kaskazi na kusi ambazo hata mzima hutapika njia nzima.

Kuna watakaosema tunaingiza siasa katika maradhi. Basi na waje na jawabu lisilo la siasa. Tungependa Mwakilishi yeyote, wa chama chochote, asimame Barazani amuulize Waziri wa Afya mambo mawili tu: katika barua za rufaa zilizotoka Pemba mwaka uliopita, ni ngapi zilizorudishiwa jawabu kwa kituo kilichoandika, na mgonjwa akiwa njiani baina ya hospitali mbili, ni afisa gani, kwa cheo chake, mwenye dhamana naye? Likiwepo jawabu, tutalichapa katika karatasi hii bila ya kupunguza neno.

Kwa upande wetu tumeona tusingoje. Msomaji aliye na vyeti vya namna hii, vyake au vya mzee wake, avilete tawini baada ya sala ya Alasiri. Tutaandika cheti kimetoka wapi, kimekwenda wapi, siku ngapi, na kimerudi na jawabu gani. Jina la mgonjwa na la maradhi yake tutaliacha. Asiyejua kusoma aje na mtoto wake wa skuli. Ila cheti chenyewe asituachie, arudi nacho nyumbani akihifadhi pasipoingia maji, kwani siku atakayokwenda hospitali ataulizwa.